Shuka Namba 214

Jumatano, tarehe 9 Oktoba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka bila haraka juu ya bati la kituo, na Inspekta alikuwa amekwisha kuchonga penseli tatu. Alizipanga mezani kwa urefu wake, ncha zikielekea dirishani, ndipo akamruhusu Sajini amwingize mlalamikaji.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya uuguzi ikionekana chini ya koti la mvua. Hakuketi hadi alipoambiwa. Alitoa simu mkobani, akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka bakuli lililojaa hadi ukingoni.

"Nimetoka zamu ya usiku," alisema. "Sijalala. Nikianza kulia msinijali, ni uchovu tu."

"Lia ukitaka, dada," alisema Sajini, akimsogezea kiti. "Hapa machozi hatuyatozi ushuru."

Muuguzi alitabasamu kidogo, kisha akaeleza. Mumewe alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya kutwa iliyo nyuma ya soko. Tangu Jumapili jioni picha moja ilikuwa ikizunguka mtandaoni: ukurasa wa daftari la zamani, safu za tarehe na namba, na juu yake maneno yaliyoandikwa kwa mkono, "Wa kuamshwa saa tisa usiku". Mtu fulani alikuwa ameongeza maandishi makubwa ya manjano: ORODHA RASMI YA VIKOJOZI. Namba 214, iliyojirudia mara nyingi kuliko nyingine, ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Chini yake mtu mwingine aliandika: "214 si Rula? Mwalimu Mkuu mzima!"

"Rula ni mume wangu," alisema Muuguzi. "Jina la utani la shule ya bweni. Kwa urefu wake. Sasa wanafunzi wanaandika 214 ubaoni, ukutani, hadi kwenye vumbi la gari lake. Jana mzazi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alimwachia pakiti ya nepi getini."

Inspekta alikuwa akiitazama picha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Amesema nini kuhusu ukurasa huu?"

"Hajasema neno."

"Hakukana?"

"Hakukana, hakukubali."

"Wala hakumtaja mtu yeyote?"

Muuguzi aliinua macho. "Amtaje nani?"

"Ni swali la kawaida, mama. Endelea."

"Ameandika barua ya kuacha kazi. Bodi ya shule inakutana leo saa tisa alasiri, naye ataipeleka mwenyewe. Anasema mwalimu anayechekwa hawezi kumwambia mtoto anyamaze. Miaka ishirini na minane, afande! Na hata kama ni kweli, alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita. Mimi nawabadilishia mashuka watu wazima kila siku ya Mungu, na sijamcheka hata mmoja." Alijifuta pua. "Sitaki mtu afungwe. Nataka picha ishuke, na nataka kumjua aliyeipandisha."

Inspekta aliandika maelezo yake kwa mkono, mstari kwa mstari, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Alipokwisha kuondoka, Sajini aliichukua nakala ya picha iliyotolewa kwenye mashine, akaigeuza kulia na kushoto.

"Imekatwa," alisema. "Kingo za juu na za kulia si za daftari. Na hapa chini, kando ya ukurasa, kuna kitu kinang'aa. Sikioni vizuri. Tuanze na nani, afande?"

"Na aliyetaja jina. Mwenye kutaja jina hujua njia ya kurudi."

*

Aliyetaja jina alikuwa mchapaji. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, chumba kimoja kirefu chenye mashine mbili zilizotikisa sakafu, harufu ya wino, na marundo ya majalada mapya ya kitabu cha jubilei ya shule ile ile ya bweni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye wino hadi masikioni.

"Karibuni, wakubwa! Mmekuja kuagiza kadi za harusi au kunikamata?"

"Itategemea majibu," alisema Sajini.

Alizima mashine. Kicheko chake kilibaki peke yake chumbani, kikafa.

"Ni ile ya Rula, eh? Nilitania tu, mkubwa. Utani wa bweni. Wewe si mwenzetu? Nakukumbuka, ulikuwa chini yangu mwaka mmoja. Sisi tulitaniana hivyo tangu enzi zile, na hakuna aliyekufa."

"Bweni lilikuwa na wavulana themanini, na mlango," alisema Inspekta. "Ukurasa wako unafuatwa na watu wangapi?"

"Elfu kumi na moja hivi."

"Nao una mlango?"

Mchapaji aliangalia viatu vyake.

"Duara jekundu ulilichora wewe?" aliuliza Sajini.

"Haki ya Mungu, hapana. Picha iliingia kwenye kundi letu la wahitimu ikiwa imekwisha kukatwa, na maneno ya manjano yako juu. Mimi niliuliza swali tu. Duara lilikuja baada yangu."

"Baada yako, naam. Ulijuaje kwamba 214 ni yeye? Hapa hakuna jina."

"Dada Sajini, namba ya dobi haisahauliki! Kila nguo yako ilishonwa namba, kuanzia soksi hadi shuka. Mimi nilikuwa 302. Uniamshe usingizini, nitakutajia 302 kabla ya jina la mke wangu. Rula alikuwa 214, shule nzima inajua. Na wewe, mkubwa, ulikuwa ngapi?"

"Tuiangalie picha," alisema Inspekta.

Sajini alimtupia jicho mkubwa wake, kisha akarudi kwenye kijitabu chake.

Ilionekana kwamba mchapaji alikuwa na sababu ya kulitamani daftari lile. Alikiri mwenyewe bila kubanwa: lilikuwa la Mama Metroni, mlezi wa bweni, na yeye alimwomba mara tatu alichapishe kwenye kitabu cha jubilei.

"Mara ya tatu akanifungia mlango. Akasema daftari lile atazikwa nalo."

"Kwa hiyo ukaliiba," alisema Sajini.

"Mimi? Nimwibie yule mama? Alinifunga vifungo vya shati nikiwa na miaka kumi na tatu, nikimlilia mama yangu!" Alikuwa ameumia kweli. "Na tazama, dada. Mimi kitabu kizima nimekitengeneza kwa mashine ya kunakili. Ukilaza karatasi pale kioo kinaibana, hutaona kivuli. Picha hii ina kivuli, na ukurasa umejikunja. Imepigwa kwa simu. Njooni muone."

Aliifungua kwenye skrini yake kubwa, akaikuza hadi namba zikawa kubwa kama matofali. Kile kilichong'aa ukingoni kiligeuka kuwa kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni asichomwe na sindano. Ubavuni kilikuwa na kibonyeo.

Mchapaji alishusha sauti. "Hiyo ni yake. Alikuwa akitugonga nayo utosini, ko, ukichelewa kufua."

Inspekta aliisogelea skrini, mikono ameifunga nyuma.

"Basi halikuibwa. Limo mkononi mwa mwenyewe, na vidole vimetulia. Aliyepiga picha ni mtu aliyezoeleka. Kivuli kinashuka kutoka juu: mpigaji alisimama, mama ameketi. Nuru inatoka kushoto, dirishani. Anaishi na nani siku hizi?"

"Na mjukuu wake. Binti wa chuo."

"Futa ulichoandika."

"Nafuta sasa hivi, mkubwa."

"Nakuona. Kisha utamwandikia Sajini maelezo yako, na usiweke utani ndani yake."

*

Mvua ilikuwa imekatika walipofika mwisho wa mtaa wa mafundi viatu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sebuleni, upande wa kushoto wa kiti kimoja chenye mto, kulikuwa na dirisha na cherehani ya miguu. Binti aliyefungua mlango aliiona sare ya Sajini, akakishika kitasa kwa mikono miwili.

"Bibi amejilaza," alisema kwa sauti ya chini.

Inspekta aliingia, akasimama mbele ya kiti kile, akarudi nyuma hatua moja. Kivuli chake kiliangukia mto. "Hapa," alimwambia Sajini. Kisha akamgeukia binti. "Jumapili ulisimama hapa na simu yako. Ulipiga picha ngapi?"

Binti hakujaribu kudanganya. Alitoa simu. Picha zilikuwa kumi na moja, nzuri zote: mikono yenye mishipa, miwani iliyofungwa kwa uzi, uso wa mwanamke mzee ukielekea dirishani. Ya mwisho ilikuwa daftari juu ya mapaja. Chini yake binti aliandika: "Miaka thelathini aliamka saa tisa usiku ili watoto wa watu wasiaibike. Leo anatimiza themanini na mbili. Mpeni maua yake."

Sajini aliyasoma maneno hayo mara mbili, akakohoa.

"Kila Jumapili hulifungua ukurasa mmoja," alisema binti. "Anawaombea. Anawaombea kwa namba. Niliona ni kitu kizuri mno kubaki humu ndani peke yetu. Niliweka saa kumi jioni. Saa mbili usiku nikaikuta imekatwa, bibi yangu hayupo, yamebaki yale maneno. Nikafuta, afande. Nilifuta! Lakini ilikuwa imeshachukuliwa."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Ni bibi yangu."

"Mikono ni ya bibi yako. Ukurasa ni wa watu wengine."

"Lakini hakuna jina hata moja! Niliangalia kwanza, naapa. Nikaona namba tupu. Nikasema, basi, ni salama."

"Kwako zilikuwa namba," alisema Inspekta. "Kwa waliolala mle zilikuwa nyuso."

"Na bibi umeshamwambia?" aliuliza Sajini.

Macho ya binti yalijaa. "Ningeanzia wapi?"

"Nani huyo anamhoji mjukuu wangu kama wakili?" ilisema sauti kutoka chumba cha ndani.

Mama Metroni alitoka akiwa ameshika ukuta, mdogo kuliko katika picha, kastabini kidoleni. Alimtazama Sajini, akamsalimia. Alimtazama Inspekta kwa muda mrefu zaidi.

"Mia themanini na saba," alisema. "Umeota mvi, na bado hujajifunza kufuta viatu mlangoni."

"Shikamoo, Mama Metroni."

"Marahaba. Futa."

Inspekta alirudi mlangoni, akafuta viatu, kimoja baada ya kingine. Sajini aligeukia ukutani ili asionekane meno.

Kisha binti alipiga magoti mbele ya kiti, akajieleza mwenyewe, bila kusaidiwa. Mama Metroni aliomba simu. Aliishika mbali na uso wake, kama sindano anayotaka kuitunga uzi, akasoma yote: maneno ya manjano, duara, vicheko. Alipomaliza aliilaza simu kifudifudi.

"Zile namba nilizishona mimi, kwa uzi mwekundu. Na daftarini niliandika namba makusudi. Nilisema hata likinidondoka ukumbini, halitasema kitu."

"Bibi, mimi nilitaka watu wajue ulivyokuwa mwema."

"Wema ule ulikuwa na faida, mwanangu, kwa sababu hawakuujua." Hakupandisha sauti. Aliuweka mkono wake kichwani pa binti, akauacha hapo. "Wanamcheka nani?"

"214," alisema Sajini. "Mwalimu Mkuu. Leo saa tisa anaacha kazi."

"Rula?" Mama Metroni alinyoosha mkono, na binti akamletea daftari. Kidole chenye kastabini kilishuka safu kwa safu. "Hawa wasomi wangu wa namba, hata nukta hawakuiona? Njoo, askari. Wewe una macho."

Sajini aliinama. Kila mahali palipoandikwa 214, pembeni palikuwa na nukta ndogo ya wino. Namba nyingine hazikuwa nayo.

"Juu nimeandika wa kuamshwa, lakini chini niliandika namba ya shuka lililolowa, ili nijue lipi liende kwa dobi," alisema mzee. "Wao, kwa kuwa kila mmoja anajiita kwa namba yake, wanasoma namba ya mvulana. Siku nyingi ni yale yale. Penye nukta si yale yale. Shuka ni la huyu. Aliyelala juu yake ni mwingine."

"Inawezekanaje?"

"Rula alikuwa kidato cha tatu, kiranja, mrefu kama mlingoti. Nani angethubutu kumcheka? Kwenye kitanda cha chini yake kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Mtoto safi, mwenye adabu, lakini usingizi wake ulikuwa wa jiwe. Nilikuwa nikimwamsha saa tisa, na siku nyingine nilikuta nimechelewa. Basi wale wawili wakawa wanabadilishana mashuka kila jioni. Asubuhi shuka lililolowa lina namba 214, Rula amelibeba begani anapiga mluzi, na mtoto amesimama na lake kwenye mstari wa kukagua mashuka, kavu. Walidhani sijui." Alitabasamu. "Sijui nini mimi, na niliyemwamsha ndiye mimi?"

Sajini alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. "Mtoto huyo ni nani, Bibi?"

"Simtaji."

"Bibi, ni saa sita na nusu. Ukimtaja, mtu anarudishiwa heshima yake leo hii."

"Nimekusikia, mwanangu, na roho inaniuma. Lakini nikimtaja bila idhini yake nitakuwa nimefanya lile lile la huyu mtoto, na mimi sina ujana wa kujitetea nao." Alikuwa akiangalia dirishani. Hakumwangalia mtu yeyote chumbani.

Inspekta alikifunga kijitabu chake. Alichukua penseli yake, akaigeuza, akampa Sajini upande wa kushikia.

"Andika. Shuka namba 214. Aliyelilalia: namba 187."

Penseli ilibaki hewani.

"Afande," alisema Sajini taratibu, "umelijua hili tangu lini?"

"Tangu saa mbili na nusu asubuhi, muuguzi alipoweka simu mezani."

"Saa nne nzima."

"Saa nne. Na miaka thelathini na tisa kabla yake." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea maelezo. "Jalada hili si langu tena, mimi mwenyewe nimo ndani yake. Litakwenda kwa mkono wako. Na uandike pia kwamba nilichelewa kusema."

Sajini aliandika. Mama Metroni alishusha pumzi, akamgonga Inspekta kwa kastabini mkononi, ko, kidogo sana.

"Rula anajua kwamba umekuja?"

"Hajui."

"Walahi, yule kijana! Yuko tayari kupoteza kazi, na bado hajafungua mdomo." Akamgeukia mjukuu. "Inuka. Fungua sanduku langu, lete lile shuka jipya jeupe, na uzi mwekundu. Utashona."

"Nishone nini, Bibi?"

"Utaambiwa. Na wale wengine walio kwenye ukurasa huu, nitawatafuta mimi, mmoja mmoja, niwaulize kama wako radhi kusikia sauti yako. Atakayekubali, utamwomba msamaha kwa mdomo. Si kwa kuandika. Atakayekataa, utamwacha na amani yake."

Binti alishona akiwa ameketi sakafuni, miguu ya bibi yake kando yake. Mara mbili mzee alimwambia afumue. "Nne yako imelala," alisema. "Isimamishe." Mara ya tatu nne ilisimama, japo kwa kuegemea.

*

Saa nane na robo, Mwalimu Mkuu aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano, na bahasha nyeupe ilichomoza kwenye mfuko wa juu. Yeye na Inspekta walikuwa wakikutana mtaani mara moja au mbili kwa mwaka, na kila mara walizungumza habari za mvua.

"Umekuja," alisema Rula. "Usingekuja."

"Niruhusu niingie."

Muuguzi alikuwa jikoni na sare yake bado mwilini. Alitoka akiwa na kitambaa mkononi, akabaki mlangoni. Sajini alimweleza kwa maneno machache: aliyeipandisha picha amepatikana, ni binti mdogo, hakukusudia ubaya, ameishusha na anaomba aje kuomba radhi. Mchapaji amefuta maneno yake. Walioongeza maandishi bado wanatafutwa, na barua zimeandikwa kuomba nakala ziondolewe. "Zilizobaki mikononi mwa watu, dada, sitakudanganya. Hizo hatuzipati zote."

"Kwa hiyo atacheka atakayecheka," alisema Muuguzi.

"Ndiyo sababu nimekuja," alisema Inspekta. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara moja, akampa Rula. "Nataka kuiweka pale pale ilipowekwa ile picha, kwa jina langu kamili na cheo changu. Sijaiweka. Jambo ni langu, lakini nusu yake ni lako. Siwezi kuiweka bila wewe kuniruhusu."

Rula alisoma akiwa amesimama. Mkewe alimsogelea, akasoma chini ya kiwiko chake.

Iliandikwa: "Mimi nilisoma shule hiyo. Namba yangu ya dobi ilikuwa 187. Shuka namba 214 linalozungumzwa lilikuwa la kuazima, na aliyelilowesha ni mimi, mihula miwili mfululizo. Mwenye shuka alilala pakavu na kubeba aibu isiyo yake. Alikuwa shujaa wa bweni letu na kioo cha jamii. Kila anayetaka kucheka sasa anajua pa kucheka."

Muuguzi alimtazama mumewe. "Kumbe hukuwa wewe."

"Hapana."

"Miaka ishirini na sita ya ndoa. Jumapili, Jumatatu, Jumanne umekaa hapo unatazama ukuta, na hukuniambia hata mimi!"

"Haikuwa siri yangu, mke wangu."

Alimpiga begani na kile kitambaa, kisha akakiegemeza kichwa chake pale pale alipompiga.

Rula alitoa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Alilaza karatasi mezani, akakata sentensi moja kwa mstari ulionyooka. "Hii ya shujaa na kioo iondoe. Siku zote insha zako ziliharibiwa na mapambo." Akasita. "Watakucheka wewe sasa. Hata wezi wako."

"Wezi wangu nina alama zao za vidole."

Rula alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu aliyekuwa akipiga mluzi na shuka bichi begani. Akaandika chini ya karatasi, kwa wino mwekundu: "Ruhusa imetolewa", akatia tarehe.

Inspekta aliiweka saa nane na dakika arobaini na moja. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, huku Sajini akimwonyesha herufi zilipo. Waliketi wakiitazama simu iliyolala mezani. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ikatikisika, na Sajini akasoma kwa sauti.

"Mchapaji. Anasema: 'Namba 302. Mimi pia, mwaka wa kwanza wote. Rula, nisamehe.'"

"302!" alisema Rula. "Na kelele zake zote zile!"

Simu ilitikisika tena. Rula aliifunika kwa kiganja chake kipana. "Waacheni. Wakitaka kusema, watasema wao. Mimi nina kikao." Alitoa ile bahasha mfukoni, akatafuta mahali pa kuiweka. Mkewe alimpokonya, akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza tangu mwaka juzi.

"Hapo angalau itafanya kazi," alisema.

Mlangoni Inspekta alimzuia Rula kwa mkono. Alikuwa amebeba kifurushi tangu walipoingia, na hakuna aliyemuuliza.

"Mwisho wa mwaka ule walilikataa shuka lako kwenye ukaguzi. Walisema limeoza kwa madoa. Ulilala wiki mbili juu ya godoro tupu, na hukusema kwa nini."

"Lilikuwa joto. Sikuumia."

"Sikukuuliza kama uliumia. Nilikuwa na deni la shuka moja."

Rula alifungua karatasi. Shuka lilikuwa jeupe, jipya, na kwenye pembe, kwa uzi mwekundu, palishonwa 214, nne ikiwa imeegemea kidogo. Alilitazama. Kisha akalikunjua lote, akapitisha kiganja juu yake kutoka pindo hadi pindo, kama Mama Metroni alivyokuwa akifanya mstarini kila asubuhi, mbele ya wavulana themanini waliosimama kimya.

"Kavu," alisema. "Umelipa."